Hesabu ya Kushuka Kitonga

Lori lililobeba shaba ya Kongo au Zambia, likishavuka mpaka wa Tunduma na kuziacha nyuma Mbeya, Makambako na Iringa, hufika mahali ambapo barabara kuu ya Tanzania na Zambia inaziaga nyanda za juu na kuanza kona za Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni. Upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo. Hapo dereva hana haja ya kukanyaga mafuta, maana mlima wenyewe unamsukuma. Msukumo huo una kiasi chake, unapimika kwa hesabu ya shule, na lazima uishie mahali fulani. Habari za ajali za mteremkoni, hata hivyo, hutufikia zikiwa na maneno mawili tu: breki zilifeli. Mimi maneno hayo huniacha na njaa. Breki zilizofeli katikati ya mlima huenda zilikuwa nzima kabisa kileleni.

Tuanze na uzito. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu lori na tela lake, pamoja na mzigo, kufikia tani 56. Tuchukue mteremko wa mfano, ambao si kipimo cha Kitonga yenyewe: barabara inashuka mita 400 kwa kimo, na katika kila mita 100 za lami inapoteza mita 7. Nishati tuli ya kitu kilicho juu hupatikana kwa kuzidisha tungamo, mvutano wa dunia na kimo. Kilo 56,000 mara 9.8 mara 400 ni juli milioni 220 hivi. Lita moja ya dizeli ikiungua yote hutoa juli kama milioni 36, kwa hiyo lori letu limesimama pale juu likiwa na lita 6 za dizeli ambazo hazimo kwenye tangi. Zimo kwenye kimo. Kabla ya kufika bondeni zitakuwa zimetoka zote, dereva apende asipende.

Kona hazipunguzi chochote hapo. Mhandisi anayeirefusha barabara kwa kuizungusha mlimani anapunguza kani inayolivuta lori, lakini anaongeza umbali wa kuvutwa. Kazi ni kani mara umbali, na zao lake linabaki palepale.

Kwenye mteremko wetu kani hiyo ni nyutoni 38,000 hivi. Lori likiegeshwa hapohapo usiku kucha, breki ya kuegeshea inapambana na nyutoni zote hizo mpaka alfajiri bila kupata hata uvuguvugu, kwa sababu umbali ni sifuri na kazi ni sifuri. Matairi yakianza kuzunguka, kila mita ya barabara inaleta juli 38,000 mpya. Vitabu vya shule hupenda boksi linaloteleza juu ya meza isiyo na msuguano. Hesabu inakuwa safi, sikatai, lakini mwanafunzi anatoka darasani akidhani msuguano ni kero tu ya kuondolewa kwa grisi, wakati kwenye mteremko msuguano ndio unaomfikisha mtu nyumbani.

Aliyetuhalalishia kugeuza mita za mlima kuwa joto ni James Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia huko Salford, jirani na Manchester, Uingereza. Zama zake wataalamu wengi bado walilichukulia joto kuwa aina ya kimiminika kinachohama kutoka kitu hiki kwenda kile. Katika miaka ya 1840 Joule alifunga mawe ya uzani kwenye kamba, akayaacha yashuke taratibu, kamba ikazungusha makasia ndani ya chombo cha maji, kisha akasoma kipimajoto. Maji yalipanda kwa sehemu ndogo mno ya nyuzi, ikambidi ayapandishe mawe yale tena na tena kwa jaribio moja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1850 yalisema kwamba uzito wa ratili 772 ukishuka futi moja, joto lake linatosha kupandisha ratili moja ya maji kwa nyuzi moja ya Fahrenheit. Vipimo vya leo vinatofautiana na hicho kwa chini ya asilimia moja. Juli tunazozihesabu hapa zinabeba jina lake.

Lori letu basi ni jaribio la Joule lenye matairi, ila mahali pa maji pana chuma. Lina ekseli 7, yaani ngoma 14 za breki. Tuseme kila ngoma ina kilo 50, jumla kilo 700. Kilo moja ya chuma hicho inahitaji juli 460 hivi ili ipande nyuzi moja ya Selsiasi. Ukizimwaga juli milioni 220 zote kwenye ngoma hizo, na hewa isipoozeshe chochote, joto lake litapanda kwa nyuzi zaidi ya 680. Chuma kinakuwa chekundu. Kwa kweli hewa hupoozesha sehemu yake, na ukinzani wa matairi na upepo hula sehemu nyingine, lakini pia ngoma hazigawani mzigo sawasawa. Tela ambalo breki zake ni legevu huwaachia wenzake kazi yake yote.

Tazama kinachotokea ndani ya ngoma moja. Ngoma ni duara la chuma linalozunguka pamoja na tairi. Ndani yake kuna viatu viwili vilivyopigiliwa laini, na dereva akikanyaga pedali, upepo unaingia kwenye chemba, unasukuma fimbo, viatu vinapanuka na kuikandamiza ngoma kutoka ndani. Chuma kikipata moto hutanuka, kwa hiyo ngoma inakua na kuikimbia laini, na fimbo inalazimika kusafiri zaidi ili viatu viifikie. Fimbo hiyo ina ukomo wa safari yake. Ikiufikia, dereva anaweza kukanyaga pedali hadi sakafuni, geji ya upepo ikasoma vizuri, na kani isiongezeke hata kidogo. Wakati huohuo laini yenyewe, ikipita nyuzi mia tatu na kitu, inaanza kupoteza mshiko. Gundi iliyoishikanisha inaungua na kutoa ile harufu kali ambayo watu wa kando ya barabara huisikia kabla lori halijatokeza konani. Zikiachwa zipoe, breki hizo zinaweza kushika tena, na fundi atakayezijaribu kesho yake huenda asione kasoro ya kueleza yaliyotokea.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Juli ni zilezile, ushuke kwa dakika tano au kwa nusu saa. Kinachobadilika ni kiasi kinachotakiwa kumezwa kila sekunde, ambacho hupimwa kwa wati na hupatikana kwa kuzidisha kani na mwendo. Kwa kilomita 60 kwa saa, nyutoni 38,000 zinamwaga kilowati 640. Kwa kilomita 20 kwa saa, kilowati 213. Injini kubwa ya nguvu za farasi 400 hutoa kilowati 300 hivi ikikamuliwa hadi mwisho. Anayeshuka kwa 60 anazitaka breki zake zimeze zaidi ya mara mbili ya uwezo wote wa injini iliyompandisha, tena mfululizo, kona baada ya kona. Anayeshuka kwa 20 amelipunguza dai hilo hadi kiwango ambacho injini ikiwa kwenye gia, pamoja na vizuizi vyake, inaweza kukibeba kwa sehemu kubwa, na ngoma zikabaki kuwa akiba.

Injini inazuiaje? Mguu ukiondoka kwenye mafuta huku gia imeingia, matairi ndiyo yanayoizungusha injini. Pistoni zinashindilia hewa, na kushindilia kunataka kazi. Tatizo ni kwamba hewa iliyoshindiliwa ni kama springi: pistoni ikirudi chini, inairudishia sehemu kubwa ya kile ilichokula. Ndiyo maana malori yana breki ya egzosi, inayoziba njia ya moshi ili pistoni zisukume dhidi ya hewa iliyokwama, na mengine yana utaratibu wa kufungua valvu pistoni inapokaribia kileleni, hewa iliyoshindiliwa itolewe nje kabla haijarudisha deni. Joto linatoka kwa bomba la egzosi na kwa rejeta, vyombo vilivyoundwa kutoa joto siku nzima. Kizuizi kingine, ritada ya oili, kinanifurahisha zaidi: makasia yanazunguka ndani ya oili, oili inapata moto, na maji ya rejeta yanaupokea. Joule angeitambua mara moja.

Madereva wa zamani walifundishana kwamba mlima ushuke kwa gia uliyoupandia. Fizikia inawaunga mkono. Kani ya mlima ni ileile kwenda na kurudi, na kilowati 300 zinaweza kulipandisha lori hili kwa kilomita 28 tu kwa saa. Gia iliyofaa mwendo huo ndiyo itakayoizungusha injini kwa kasi ya kutosha kuzuia. Nyongeza moja tu: injini za siku hizi zina nguvu zaidi na hupanda kwa gia ndefu, kwa hiyo kushukia inafaa gia fupi kuliko ya kupandia. Na ichaguliwe juu kabisa, kabla ya kona ya kwanza. Lori likishachukua kasi, gia fupi haikubali kuingia tena, na anayelazimisha anaweza kujikuta amebaki kwenye nyutro, mahali pabaya kuliko alipokuwa.

Wapo wanaoiweka nyutro kwa hiari. Kenya, maeneo ya Salgaa na Sachangwan kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret yanatajwa mara kwa mara kwa tabia hiyo, na sababu inayotolewa ni kubana mafuta. Sababu hiyo haisimami hata kwenye hesabu ya duka. Injini ya dizeli ikishuka kwenye gia, mguu ukiwa nje ya pedali, pampu hukata mafuta kabisa, kwa kuwa matairi ndiyo yanayoizungusha. Kwenye nyutro hakuna wa kuizungusha, hivyo inabidi ichome dizeli ili isizimike. Anayedhani anabana mafuta anayatumia, na papo hapo amelitupa zuio pekee lisilochoka.

Kasi nayo haingoji. Mita 25 za kimo zinatosha kulitoa lori kwenye kusimama hadi kilomita 80 kwa saa, na kwenye mteremko wetu mita hizo 25 zinapatikana ndani ya mita 360 za barabara. Ongeza makumi machache ya mita kwa ajili ya upepo na matairi. Tungamo halimo kwenye jibu hilo: lori tupu na lililojaa yangekimbia karibu sawa, ila lililojaa lina nishati nyingi zaidi ya kukutana nayo chini. Nishati mwendo hupanda kwa mraba wa kasi. Mwanzoni mwa karne ya 18 Willem 's Gravesande, huko Leiden, Uholanzi, alidondosha mipira ya shaba nyeupe kwenye udongo laini akaona kwamba mpira wenye kasi maradufu unachimba mara nne, na Émilie du Châtelet wa Ufaransa akalitetea jambo hilo katika kitabu chake cha fizikia cha mwaka 1740, wakati wakubwa wengi wa fani hiyo walikuwa bado wanabisha. Kwa tani 56, kusimama kutoka kilomita 40 kwa saa kunadai juli milioni 3.5, kutoka 80, karibu milioni 14.

Palipo na gia sahihi, pedali inabaki na kazi ndogo ya kurekebisha. Wakufunzi wa magari makubwa hufundisha uache kasi ifike pale ulipopanga, ukanyage kwa uthabiti mpaka ipungue kama kilomita 8 au 10 kwa saa, uachie, kisha urudie. Kuuweka mguu juu ya pedali kidogokidogo mlima mzima kunaonekana ni upole, na jumla ya joto ni ileile, lakini upepo kidogo unaziamsha baadhi ya chemba tu, na ngoma chache zinajikuta zinalibeba lori zima. Kule chini nako, ngoma zikiwa bado zinafuka moto, ni heri kuweka vigingi kwenye matairi na kusubiri kuliko kuifunga mara moja breki ya kuegeshea, ambayo inaweza kuharibiwa na joto lile.

Kuna mahali ambapo juli za mlima hazitupwi. Kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji karibu na mji wa Biel, Uswisi, lori kubwa la Komatsu lililobadilishwa kuwa la umeme hupanda tupu likiwa na tani 45 hivi na kushuka na mzigo wa tani 65 juu yake. Wakati wa kushuka mota zake hugeuka kuwa jenereta na kuijaza betri kwa umeme unaotosha kwa sehemu kubwa, au hata wote, kulirudisha juu. Barabara yetu haiwezi kutoa faida ya namna hiyo, kwa kuwa malori yanayoshuka na shaba hurudi yakipanda na mafuta, mbolea na bidhaa za bandarini. Lakini juli milioni 220 ni yuniti 61 za umeme kwa kila mshuko, na hata nusu yake si ya kudharau. Sharti la wati litabaki, maana mota nayo ina kikomo cha kumeza kila sekunde, kwa hiyo Kitonga itashukwa polepole hata kwa umeme. Na atakayeijaza betri hadi pomoni pale Ilula, muda mfupi kabla ya kona, ataikuta haina nafasi ya kupokea chochote, na juli zote zitarudi kwenye ngoma zilezile.