Kunukuliwa Mara Elfu Kuna Maana Gani?

Wapo ndugu wanaotuletea ujumbe unaosambazwa kwenye simu: acheni dawa za hospitali za selimundu, mpeni mtoto mitishamba hii, kwani mtaalamu wa jenetiki anayeisifu amenukuliwa na wenzake mara maelfu. Wazazi wanauliza kama hiyo ni hoja ya kutosha.

Haitoshi. Mtafiti anapochapisha makala huorodhesha makala za wenzake alizozitumia, na kila kutajwa huko huhesabiwa. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alibuni kipimo kiitwacho h: mwenye h ya 30 ana makala 30 ambazo kila moja imetajwa angalau mara 30. Lakini hata anayeitaja makala ili kuipinga humwongezea mwenyewe hesabu.

Makala ya Oliver Lowry na wenzake ya mwaka 1951 imetajwa zaidi ya mara 300,000. Haikuvumbua tiba yoyote. Inaeleza njia ya kupima protini, na maabara nyingi ziliihitaji kama duka linavyohitaji mizani. Gregor Mendel naye alichapisha kanuni za urithi mwaka 1866, akatajwa mara chache mno, akafariki 1884. Thamani yake ilitambuliwa mwaka 1900.

Basi tuulize: mtaalamu huyo ameandika nini hasa kuhusu mitishamba hiyo? Ilijaribiwa kwa wagonjwa wangapi, na nani mwingine amerudia jaribio? Kabla ya majibu hayo, dawa ya mtoto isisimamishwe bila daktari wake.