Medali Nazo Hupima Pato

Jedwali la medali husomwa kwa shangwe, kisha likasahauliwa. Hapana budi tulisome tena, kwani ndani yake umo mgawanyo wa mali duniani.

Katika Olimpiki ya Paris, mwaka 2024, Kenya ilipata medali 11 na Ethiopia 4, zote za riadha. Katika kuogelea bwawani, Marekani peke yake ilipata 28, ilhali bara zima la Afrika lilipata 2, zote za Tatjana Smith wa Afrika Kusini. Hata medali 2 za fedha za Tanzania, zilizopatikana Moscow mwaka 1980 na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, zilikuwa za mbio.

Je, Mwafrika hajui maji? La hasha! Mtoto wa visiwani huogelea kabla hajajua kusoma. Lakini mbio huanzia njiani, bila ya kiingilio. Kuogelea kwa mashindano hudai bwawa la mita 50, mwalimu na saa ya kupimia. Penye gharama, maskini hutoweka katika jedwali.

Basi viongozi wetu wayahifadhi matokeo ya michezo ya skuli, mjini na shamba, pamoja na umri wa watoto, lishe yao na hali ya viwanja vyao. Skuli moja ikishinda kila mwaka, tusikimbilie kusifu vipaji. Tuulize wenziwao wamekosa nini. Kipaji amekigawa Mwenyezi Mungu bila ya ubaguzi. Kugawa viwanja ni wajibu wetu.