Mchanga Wetu, Ramani Yao

Oktoba 2021 Serikali ya Tanzania ilizindua matumizi ya shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, zile ambazo mitaani ziliitwa fedha za UVIKO. Sehemu yake ilijenga madarasa 15,000, yakiwamo 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi, kila moja kwa shilingi milioni 20. Januari iliyofuata, waliochaguliwa kidato cha kwanza waliingia wote kwa mkupuo, bila kungoja chaguo la pili. Hata asiyependa kusifia hapo hana budi kusifia.

Ila katika mbio zile hapakuwa na nafasi ya kuulizana darasa liweje. Ramani ilikuwapo: mstatili, ubao mbele, madirisha ubavuni, bati juu. Darasa la Mtwara kwenye joto halina tofauti kubwa na la Makete, ambako asubuhi za baridi watoto huja wamejikunyata kwenye masweta.

Mazoea hayo ni ya zamani kuliko mkopo. Shule zetu nyingi zimejengwa kwa nguvu za wananchi: watu wanasomba mchanga, mawe na maji, wanachanga, na boma likifika kwenye lenta wanaingoja serikali ije kupaua. Kamati ya ujenzi inahesabu mifuko ya saruji, wajumbe wanabishana usiku kucha kuhusu bei ya nondo. Kamati iliyogombana kuhusu dirisha litazame upande gani sijaisikia bado. Haya yote kwenye taarifa huitwa ushirikishwaji wa jamii, na ni kweli, mabega ya jamii hushirikishwa kikamilifu.

Wakati huohuo mtaala unadai mengine. Tangu 2005 tunahubiri ujenzi wa umahiri, na mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, unamtaka mwanafunzi ajadili, atende, abuni. Sasa ingia darasa la nne lenye madawati ya watu watatu, benchi na meza vimeunganishwa kwa fremu moja ya chuma. Mwalimu anasema, "Kaeni kwenye vikundi." Walio mbele wanageuka. Wavulana wanalikalia benchi kama wapanda punda; wasichana, kwa sababu ya sketi, wanakaa kiupandeupande, shingo zimepinda, daftari mapajani. Mwalimu hana pa kupita, kwani kiwango ni wanafunzi 45 na humo wamo wengi zaidi. Punde anawarudisha wote kutazama ubaoni. Mthibiti ubora akija ataandika kuwa mwalimu hatumii mbinu shirikishi. Dawati halitaandikiwa barua.

Huko Gando, Burkina Faso, mambo yalikwenda kwa mpangilio mwingine. Diébédo Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji hicho aliyesomea usanifu majengo Berlin, aliwajengea shule ya msingi iliyokamilika 2001. Nako wanakijiji walibeba mawe, lakini kwanza walibishana. Msomi katoka Ulaya, halafu anataka kujenga kwa udongo? Udongo wanaujua, mvua huusomba. Ilibidi awaonyeshe kwa vitendo kwamba tofali la udongo lililochanganywa na saruji kidogo linastahimili. Bati akaliinua mbali na dari ya matofali ili upepo upite katikati na kuondoka na joto. Shule hiyo ilipata Tuzo ya Usanifu ya Aga Khan 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Usanifu ya Pritzker.

Tusikimbilie kuinakili Gando. Hiyo nayo itageuka ramani ya kuteremshwa kutoka juu. Wala tusidhani kwamba wazazi wakiulizwa tu, jibu zuri litapatikana. Wengi wetu tutaomba darasa lilelile tulilosomea, pengine na rangi mpya. Kinachotakiwa ni mabishano yenye mtaalamu ndani yake, yafanyike wakati kubadilisha jambo bado ni rahisi.

Wakati huo upo. Kabla msingi haujachimbwa, fundi hupiga vigingi na kuvuta kamba. Basi kamba zikishavutwa, pangeni madawati ndani yake, iteni darasa zima na mwalimu wao, wakae, wagawane vikundi, na mwenye kiti cha magurudumu ajaribu kupita. Kaeni hapo mpaka saa nane mchana mlione jua linakoingilia. Waulizeni wasichana njia ya kwenda chooni ipite wapi. Huenda wakataja choo kabla ya ubao. Gharama ni kamba, nayo ilishanunuliwa.

Mtendaji atakapopita tena na daftari la michango, toa, madarasa bado yanahitajika. Ila mwombe akuonyeshe ramani, na umuulize mwisho wa kuibadilisha ni lini.