Jalidi Inavyounguza Chai

Mwezi wa Januari 2012 jalidi, yaani umande uliogeuka barafu, ilishuka juu ya mashamba ya chai ya Kericho na sehemu za jirani. Katika muda wa siku chache majani mabichi yalikuwa ya rangi ya udongo, kana kwamba moto umepita, na waliotegemea kuchuma hawakuwa na la kuchuma.

Jalidi huja hasa Januari na Februari, usiku usio na mawingu wala upepo. Joto la ardhi hupotelea angani, nayo hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka kama maji na kutuama bondeni. Ndiyo sababu shamba la bondeni huungua, na lile la jirani mlimani likasalimika. Ua mnene uliopandwa kukingama mteremko huizuia hewa hiyo kama boma la maji, na chai iliyo juu ya ua huumia zaidi.

Jani lina vyumba vidogo vya maji viitwavyo seli. Barafu huanza nje ya seli, ikayavuta maji yaliyomo. Zikikaushwa mno, hufa.

Huko Uchina na Japani mti wa chai huonywa mapema na siku zinazofupika. Huacha kuchipua na kuongeza sukari katika seli zake, na maji yenye sukari hayagandi upesi. Lakini Kericho ni karibu na Ikweta: hakuna onyo. Mti huchipua mwaka mzima, basi jalidi huukuta hauna silaha. Tena chai ya jamii ya Assam, yenye majani mapana, huvumilia baridi kidogo kuliko ile ya Uchina.

Ajabu ni kwamba Mlima Kenya nao uko kwenye Ikweta, na mimea ya juu huko hupigwa na jalidi karibu kila usiku. Lobelia hufumba majani yake jioni kama ngumi, kulinda chipukizi la katikati. Aina moja huweka maji humo. Yakiganda juu, ya chini hubaki maji. Senesio, mti mkubwa wa huko, hauangushi majani yaliyokauka, bali huyavaa shinani kama blanketi.

Mti wa chai hauna blanketi. Hata hivyo mkulima asiung'oe kwa haraka, kwani mara nyingi shina na mizizi ingali hai. Wala asipogoe kabla majira ya jalidi hayajapita, maana machipukizi mapya ndiyo yanayoungua kwanza.