Imani Inapochoka, Tuanzie Wapi?

Wamama wapendwa, juma hili tunaandika kwa ajili ya yule ambaye bado anakuja kanisani lakini moyo wake umebaki nyuma. Anaimba, anatoa sadaka, anarudi nyumbani mtupu. Wengine wamekwisha acha kuja kabisa. Tukiwauliza, wanajibu: "Nimechoka."

Hapa kwetu Bukavu jibu hilo tunalielewa. Mama anaamka saa kumi ya usiku, anatafuta maji, anapanda soko la Kadutu na beseni kichwani. Jioni deni la masomo ya watoto linamngojea mlangoni. Akilala bila kuomba, anajihukumu kwamba imani yake imekufa.

Tusiharakishe kusema hivyo. Tusome Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Nabii Eliya alikuwa ametoka kuwashinda manabii wa Baali juu ya mlima Karmeli. Lakini malkia Yezebeli alipoapa kumwua, alikimbia mpaka Beer-Sheba, akamwacha mtumishi wake pale, akaingia jangwani peke yake. Chini ya mti mmoja akaomba afe. Mtu wa imani kubwa, baada ya ushindi mkubwa namna ile!

Tuangalie alivyotendewa. Mungu hakumkaripia. Malaika alimgusa, akamwonyesha mkate na maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamlisha tena kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Ndipo akapata nguvu ya kutembea siku 40 mpaka mlima Horebu. Basi, mama aliyechoka tusianze kwa kumlaumu. Tumpikie sombe, tumwangalilie watoto alasiri moja, apumzike.

Pale Horebu kulipita upepo mkali, tetemeko la nchi na moto, na Mungu hakuwa ndani yake. Alisema naye kwa upole. Wengi wetu tunangojea mkesha mkubwa au mhubiri wa kutoka mbali ndipo tuwake tena. Tujaribu dakika 10 za kimya kabla watoto hawajaamka: mistari michache, ombi moja la kweli. Hata malalamiko yanafaa. Eliya alilalamika mara mbili, na Mungu alimsikiliza.

Mwishoni Mungu alimpa kazi na mwenzake. Eliya alidhani amebaki peke yake. Akaambiwa wako watu 7000 ambao hawakumpigia Baali magoti. Akatumwa kwa Elisha, aliyekuwa shambani akilima na ng'ombe. Sisi walimu tunalijua jambo hili darasani: mtoto anayetaka kuacha masomo harudi kwa sababu ya hotuba. Tunampa zoezi dogo analoliweza, tunamkalisha karibu na mwenzake, na kesho yake anakuja tena.

Juma hili, kila mmoja wetu amtembelee mama mmoja ambaye nafasi yake iko wazi. Tusiende kumwuliza kwa nini haji. Twende na unga kidogo kama upo, tukae, tumsikilize, tuombe pamoja kwa kifupi. Na kama aliyechoka ni wewe mwenyewe, mama, usijifiche. Mwambie mmoja wetu kabla ya siku ya Mungu. Safari ingali ndefu, na hakuna aliyeamriwa kuitembea na njaa, wala peke yake.