Mgongo wa Mvuvi wa Pweza na Yoga Inayoufaa

Kwenye picha za simu, yoga ni vijana wembamba wanaosimama kwa kichwa ufukweni. Ndiyo maana watu wengi wa Mtwara huichukulia kuwa kitu kimoja, tena cha watalii wanaopita Mikindani. Lakini chini ya jina hilo kuna mitindo mingi, mingine inatoa jasho kama mechi ya mpira, mingine mtu analala tu juu ya mto akihesabu pumzi. Anayetaka kuchagua asianze kwa kuuliza upi unavuma. Aanze na kazi inayomshindisha, kwa sababu mtindo unaomfaa karani wa benki unaweza kumuumiza mwokota korosho.

Itazame pwani hii kuanzia Mikindani hadi Msimbati na mdomo wa Ruvuma. Maji yakipwa wakati wa bamvua, wanawake wa vijiji vilivyomo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, hutoka kwenda mwambani kuchokoa pweza na kuokota chaza, na muda mwingi huko wameinama. Wenye mashamba ya mwani huinama kufunga mbegu kwenye kamba. Msimu wa korosho ukiingia, kuanzia Oktoba hivi, watu huinama chini ya mikorosho kuokota na kutenganisha korosho na bibo lake. Jioni bado kuna nazi ya kukunwa juu ya mbuzi. Uti wa mgongo unaoishi hivyo umekunjwa upande mmoja tangu alfajiri. Upande wa pili wapo wanaoketi: makarani, bodaboda, wanaoangalia mitambo ya gesi ya Madimba. Hao nao migongo inawauma, ila kwa sababu nyingine.

Sasa mitindo yenyewe. Mingi inayofundishwa duniani leo inatokana na mwalimu mmoja wa Mysore, India, Krishnamacharya, aliyefariki mwaka 1989 akiwa na miaka 100. Mwanafunzi wake Pattabhi Jois alieneza ashtanga, yaani mikao iliyopangwa kwa mfuatano usiobadilika, mtu akiruka na kuinama kwa kufuata pumzi. Kutokana nayo zilizaliwa vinyasa na yoga za nguvu, na jamii hiyo ndiyo iliyoenezwa Nairobi na shirika la Africa Yoga Project, lililoanza mwaka 2007 na kufundisha vijana wa mitaa ya kipato cha chini kuwa walimu. Kijana mwenye viungo imara anayeshinda ameketi ataipenda, na itamfaa. Mwanafunzi mwingine, B.K.S. Iyengar, aliugua sana utotoni, akajenga njia ya polepole inayotumia viti, mikanda, matofali ya mbao na blanketi ili hata mwili mgumu ufike unapotakiwa. Kuna pia yoga ya chumba cha joto aliyoitangaza Bikram Choudhury: mikao 26 kwa dakika 90, nyuzi joto 40. Mtu wa Mtwara anayelipia joto mwezi wa Januari ana lake jambo.

Kwa mwokota chaza, basi, ashtanga ni kumrudishia kazi yake ya mchana. Hata ile ya taratibu iitwayo yin, ambayo mtu hukaa dakika kadhaa katika mkao mmoja, humkunja mbele mara nyingi. Kinachomfaa ni mtindo wa Iyengar au ule wa kupumzisha mwili: kulala chali miguu ikiwa juu ya kiti, kulala kifudifudi na kuinua kifua kidogo, kufungua mabega kwa kanga iliyoshikwa mikono miwili. Mwenye presha ya kupanda au ugonjwa wa glakoma asiguse mikao ya kichwa chini. Mwenye mifupa iliyopungua nguvu asijikunje sana, na mjamzito akae mbali na chumba cha joto.

Atasema mtu: anayelima na kuvua ameshafanya mazoezi, anataka nini tena? Watafiti wa Denmark, akiwemo Andreas Holtermann, wameonyesha kwamba nguvu inayotumika kazini haileti afya sawa na ile ya mazoezi ya hiari, kwa kuwa kazi hurudia jambo lilelile kwa saa nyingi bila mapumziko ya kutosha. Kuhusu mgongo, chama cha madaktari wa Marekani kiitwacho American College of Physicians kiliitaja yoga mwaka 2017 miongoni mwa tiba za kujaribu kabla ya dawa kwa maumivu sugu ya kiuno. Mwaka huohuo mapitio ya Cochrane yalikuta nafuu ya kadiri, si muujiza, na tafiti nyingi zilizopitiwa zilitumia Iyengar na mitindo mingine tulivu. Yalikuta pia kwamba maumivu ya baadhi ya watu yaliongezeka, na kwamba hakuna uhakika kuwa yoga inayashinda mazoezi mengine ya mgongo. Aliyepewa mazoezi na mtaalamu wa fiziotherapia hospitalini, na anayafanya, hana haja ya kuyaacha.

Pingamizi zito zaidi ni la dini, na katika mkoa wenye Waislamu wengi halipaswi kupuuzwa. Baraza la fatwa la Malaysia liliikataza yoga mwaka 2008. La Indonesia, mwaka uliofuata, lilikataza ile yenye ibada na mantra, yaani maneno matakatifu yanayorudiwarudiwa, lakini likaacha mazoezi matupu. Saudi Arabia iliitambua mwaka 2017 kama shughuli ya michezo. Tofauti hizo zinarudi kwenye suala la mtindo. Mtindo uitwao kundalini hauwezi kutenganishwa kirahisi na nyimbo zake za mantra. Iyengar nayo mara nyingi hufunguliwa kwa maombi kwa Patanjali, mwenye hekima wa kale wa yoga, ila mikao yake inasimama bila maombi hayo, na mwanafunzi ana haki ya kudai yaachwe. Wapo wanaosema sala tano zinatosha kunyoosha viungo. Sala ni ibada, haikufaradhishwa ili itibu kiuno. Tena rukuu na sijida humkunja mtu mbele, huku mgongo wa aliyetoka mwambani ukiomba kufunguliwa kwenda nyuma.