Alijiandaa Kufa, Sasa Anajifunza Kuzeeka

Nilipoanza kutoka na mume wangu hapa Uingereza, ukimbusu kipajini unakuta chumvi kama katoka kuogelea Coco Beach. Kumbe ndiyo dalili yenyewe ya sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaojaza chumvi kwenye jasho na kufanya makohozi yagande kama gundi mapafuni. Kwetu Tanzania husikii sana habari zake. Huku wanaougua ni zaidi ya 10,000.

Watu huuliza mapafu. Mimi nataka tuongelee kichwa.

Hebu fikiria umekua ukiambiwa hutafikisha miaka 30. Mume wangu alipanga maisha kwa hesabu hiyo: hakuweka akiba, hakutaka mkopo wa nyumba, na wasichana wa kabla yangu aliwaacha mapema ili asimwachie mtu ujane. Wagonjwa wenzake hakuruhusiwa hata kukaa nao chumba kimoja, maana wanaweza kuambukizana bakteria hatari. Walikuwa marafiki wa simu tu. Baadhi ya simu hizo zikaacha kupokelewa.

Mwaka 2020 ikaja dawa inayoitwa Kaftrio. Yaani ndani ya siku chache kikohozi kilipungua, nikawa naamka usiku kuhakikisha anapumua, nyumba ilivyokuwa kimya! Nilimpigia Mama Moshi, tukalia kwa furaha.

Miezi michache baadaye, jamaa halali. Anakaa sebuleni gizani, ukimsemesha anajibu neno moja. Mama akashangaa: “Mwanangu, si amepona? Huzuni ya nini tena?”

Kwanza hajapona, dawa haiondoi ugonjwa. Pili, baadhi ya wanaoitumia wameripoti kukosa usingizi, wasiwasi na sonona, kwa hiyo usiseme mwenzio anadeka. Mwambieni daktari, na dawa isiachwe kienyeji. Lakini kilichonigusa zaidi ni alichoniambia usiku mmoja: “Kufa nilishajiandaa. Kuzeeka hakuna aliyenifundisha. Na kwa nini mimi, wakati wenzangu hawakuiwahi dawa?”

Ungemjibu nini? Mimi nilikaa naye tu mpaka kukapambazuka.

Wataalamu wanalijua hili. Utafiti wa nchi tisa uliotoka mwaka 2014 ulikuta sonona na wasiwasi kwa wagonjwa hawa, na kwa wazazi wanaowalea, ni mara mbili hadi tatu ya watu wengine. Miongozo ya mwaka 2016 ikataka kila mgonjwa kuanzia miaka 12 aulizwe kila mwaka: maswali tisa ya sonona, saba ya wasiwasi. Bwana wangu alikuwa anaweka sifuri kote, si mwanaume bwana! Safari hii akajaza ukweli, na sasa anaonana na mwanasaikolojia wa kliniki.

Halafu kuna suala la mtoto. Karibu wanaume wote wenye ugonjwa huu mirija ya kupitisha mbegu haikuumbika (nguvu za kiume zipo, mashosti msinitumie salamu za pole), ila mbegu huweza kuvunwa hospitali. Zamani hakutaka hata kulisikia neno hilo. Juzi kaniomba mimi nipime jeni, maana nikiwa nayo, kila mimba ni nusu kwa nusu mtoto kuugua.

Majibu bado. Wakati tunasubiri ameanza kuchangia pensheni, akiwa na miaka 41, na kila mwisho wa mwezi analalamika wanamkata hela nyingi.